Nani Aliyelishinda Jangwa? Riwaya ya Barbara Worth na Historia ya Mto Colorado

Mwanafunzi wa Kiswahili akiombwa afasiri jina la riwaya ya Harold Bell Wright, The Winning of Barbara Worth, iliyochapwa mjini Chicago mwaka wa 1911, atakwama mwanzoni kabisa. Kitenzi cha Kiingereza kilichomo katika jina hilo kinakusanya mambo ambayo lugha yetu huyatenga: kushinda vita au mchezo, kumpata mwanamke baada ya kumbembeleza, na kuchuma mali kwa jasho kutoka ardhini. Sisi hatusemi kwamba fulani amemshinda mchumba wake. Twasema amemposa, naye akakubali. Wala shamba halishindwi, hufyekwa, likalimwa. Basi tukiandika Kumposa Barbara Worth tunabaki na harusi peke yake, na tukiandika Kumshinda Barbara Worth tunabaki na vita.

Makala hii haikusudii kutoa fasiri ya jina hilo. Inakusudia kuonyesha kwamba mchanganyiko huo wa maana ndio uti wa mgongo wa riwaya yenyewe. Msichana na jangwa vimefanywa kitu kimoja, na anayempata mmoja amepata na la pili. Tutaonyesha pia kwamba ndani ya hadithi hiyo ya mapenzi kumefichwa tukio la kweli, yaani kosa la kihandisi lililoumwaga mto mzima ndani ya bonde, na kwamba riwaya imelisimulia kosa hilo kwa namna ambayo mwota ndoto na mkosaji hawawi tena mtu mmoja. Jambo hili lina uzito kwetu tunaofundisha historia, kwa maana wanafunzi wetu hupenda, na wana haki kupenda, kuzitumia riwaya kama hati za zamani. Riwaya ni hati kweli. Lakini ni hati ya nini?

Kwanza mwandishi na kitabu. Wright alizaliwa mwaka wa 1872 katika jimbo la New York, akawa mchungaji wa kanisa katika majimbo ya kati ya Marekani, kisha akaacha mimbara na kushika kalamu. Riwaya yake The Shepherd of the Hills ya mwaka wa 1907 ilikuwa imekwisha kumpatia jina alipohamia bonde liitwalo Imperial, kusini-mashariki mwa California, mpakani kabisa mwa Meksiko. Huko ndiko alikoiandika riwaya tunayoizungumzia. Mchapishaji wake aliuza vitabu kwa posta, na kwa njia hiyo vilifika katika mashamba na vijiji visivyokuwa na duka la vitabu. The Winning of Barbara Worth kikawa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa zaidi nchini Marekani mwaka ule wa 1911. Wahakiki wa miji mikubwa walimdharau Wright kwa mahubiri yake mengi na wahusika wake wasio na kivuli. Hawakukosea sana. Hata hivyo, kitabu kinachosomwa na watu wengi namna hiyo hakimhitaji mhakiki akipende ili kiwe na nguvu katika historia.

Hadithi yenyewe yaweza kusimuliwa kwa ufupi. Msafara mdogo unavuka jangwa liitwalo King's Basin. Ndani yake wamo Jefferson Worth, mwenye benki, mtu mkimya asiyeonyesha moyo wake. Mhandisi aitwaye Mwonaji, ambaye haoni mchanga bali anaona mashamba yatakayokuja. Na kijana Abe Lee, yatima aliyelelewa na huyo Mwonaji. Karibu na kisima kilichokauka wanamkuta mwanamke amekufa kwa kiu, na binti mdogo yungali hai. Worth anamchukua mtoto na kumlea. Huyo ndiye Barbara. Miaka inapita, na kampuni ya matajiri wa New York inakuja kuleta maji ya Mto Colorado jangwani. Mkuu wake ni James Greenfield, na mhandisi wake ni Willard Holmes, kijana aliyelelewa na Greenfield mwenyewe. Mwonaji anawekwa kando. Kampuni inajenga kwa ubahili, na Holmes anapoonya kwamba kazi za mbao mtoni hazitastahimili, hasikilizwi. Worth naye anaanzisha miji na miradi yake mwenyewe. Greenfield anambana kwa mikopo hata vibarua wanakosa mshahara, na fedha za kuwalipa zinavushwa jangwani kwa hatari. Mwishowe mto unavunja kizuizi na kuingia bondeni. Holmes, aliyekwisha kufukuzwa na kampuni, anapewa na watu wa reli kazi ya kuurudisha mto njiani. Anaushinda. Hapo ndipo anapompata Barbara, ambaye amegunduliwa kuwa ni binti wa ndugu yake Greenfield. Abe Lee, aliyempenda Barbara tangu zamani na kulijua jangwa kuliko wote, anabaki mikono mitupu.

Msomaji atambue jinsi mambo yalivyopangwa. Jangwa ndilo lililomwua mama na kumtoa mtoto, na tangu hapo Barbara anaitwa binti wa jangwa. Jangwa nalo limepewa jina la Kihispania lenye maana ya kiganja cha mkono wa Mungu. Anayestahili kumwoa Barbara si yule aliyezaliwa nyikani bali ni mgeni wa mashariki, kwa sharti kwamba kwanza nyika imfundishe adabu. Harusi inaunganisha mtaji wa New York na ardhi ya magharibi. Ni harusi ya hisa na maji.

Sasa tuiache riwaya kwa kitambo, tuutazame mto.

Bonde la Imperial ni sehemu ya shimo kubwa la ardhi ambalo sakafu yake, mahali penye kina zaidi, iko zaidi ya mita 80 chini ya usawa wa bahari. Mto Colorado, kwa maelfu ya miaka, ulibeba tope na mchanga kutoka milimani na kuvimwaga mbele yake, ukajenga tuta pana lililolikata shimo hilo na Ghuba ya California. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: mto unapita juu, bonde liko chini. Mto ulikuwa ukikengeuka mara kwa mara na kulijaza shimo, kisha ukarudi baharini na kuliacha ziwa likauke. Kwa hiyo anayetaka kumwagilia bonde hili hahitaji kupandisha maji hata kidogo. Anachohitaji ni kuufungulia mto mlango, na kuwa na uwezo wa kuufunga. Historia yote ya bonde imo katika sehemu ya pili ya sentensi hiyo.

Wazo la kuleta maji lilikuwa la zamani. Mwaka wa 1853 mjiolojia William Blake, aliyefuatana na wapimaji wa njia ya reli, alizitambua alama za ziwa la kale na kueleza kwamba udongo ule ungezaa kama ungepata maji. Daktari Oliver Wozencraft alilitetea wazo hilo hadi kufa kwake mwaka wa 1887, asipate lolote. Katika miaka ya 1890 akatokea mhandisi Charles Rockwood, na mwaka wa 1896 ikaundwa kampuni iliyoitwa California Development Company. Rockwood aliitafutia fedha kwa miaka mingi, mlango hadi mlango, hata mwaka wa 1900 akampata George Chaffey, mtu mwenye fedha na ujuzi wa umwagiliaji. Chaffey ndiye aliyeliita bonde jina la Imperial, kwa sababu hakuna mlowezi atakayevutwa na jina la jangwa. Nchi ilipata ufalme wake kwa tangazo la biashara.

Vilima vya mchanga viliizuia njia iliyonyooka kutoka mtoni, hivyo maji yalipitishwa kusini, ndani ya Meksiko, katika mkondo wa kale uitwao Alamo, kisha yakarudi kaskazini kuvuka mpaka. Maji yalifika bondeni mwaka wa 1901. Ardhi haikuwa ya kampuni. Kwa sheria ya ardhi ya jangwa ya mwaka wa 1877, mlowezi alitoa senti 25 kwa kila ekari, na dola moja baadaye akithibitisha kwamba ameimwagilia. Kampuni iliuza maji tu. Lakini mahali ambapo mvua haifiki hata milimita 80 kwa mwaka, auzaye maji ndiye auzaye ardhi.

Walowezi walikuja kwa maelfu. Na tope likaja pamoja na maji. Kufikia mwaka wa 1904 kilomita za mwanzo za mfereji zilikuwa zimezibwa, mashamba yakakosa maji, wakulima wakadai fidia. Kampuni haikuwa na fedha. Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka huo, Rockwood aliamuru ukingo wa mto ukatwe upande wa Meksiko, chini ya sehemu iliyozibwa, ili maji yaingie kwa njia fupi. Mlango wa maji haukujengwa. Kibali cha serikali ya Meksiko kwa ajili ya mlango kilikuwa kingali kinasubiriwa, na Rockwood aliamini, kwa kuzitazama kumbukumbu za miaka iliyopita, kwamba mafuriko ya majira ya baridi yasingekuja. Mapema mwaka wa 1905 yalikuja, tena si mara moja. Kukata mfereji katika udongo mwororo kama ule, penye mteremko mkali kuelekea bondeni kuliko kuelekea baharini, ni kuualika mto ubadilishe njia. Katika mwaka huo mto ukabadilisha njia, ukawa unamiminikia shimoni.

Shirika la reli la Southern Pacific, chini ya E. H. Harriman, liliikopesha kampuni dola 200,000 mwaka wa 1905 na kuchukua mamlaka juu yake. Reli yenyewe ilikuwa hatarini: njia yake iliyopita bondeni ilibidi ihamishwe tena na tena kadiri maji yalivyopanda. Mwaka wa 1906 maji yalibomoa sehemu ya mji wa Mexicali, na Calexico, pacha wake wa upande wa Marekani, ulinusurika kwa shida. Ilijengwa reli juu ya nguzo kuvuka lile pengo, na mabehewa yakamwaga mawe kwa haraka kuliko mto ulivyoweza kuyazoa. Tarehe 4 Novemba 1906 pengo lilifungwa. Tarehe 7 Desemba mto ukapasua tuta mahali pengine karibu na hapo. Rais Theodore Roosevelt alimpelekea Harriman simu za maandishi akimtaka aumalize mkasa, na tarehe 12 Januari 1907 akalihutubia Bunge kwa waraka maalum. Pengo likafungwa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Februari 1907, chini ya uongozi wa mhandisi H. T. Cory. Nyuma yake lilibaki ziwa la chumvi lenye zaidi ya kilomita za mraba 1,000, ambalo twaliona kwenye ramani kwa jina la Salton Sea.

Tukizilinganisha habari hizi na riwaya, mengi yanakubaliana: mfereji, tope, kampuni isiyojali, reli inayookoa. Wright alikuwapo, aliwajua watu hao. Katika ukurasa wa shukrani anasema wazi kwamba kitabu chake si historia ya bonde wala si maisha ya mtu yeyote, kisha anakiri kwamba kazi iliyofanyika pale ndiyo iliyomtia hamu ya kuandika. Anawashukuru wahandisi kwa majina. Miongoni mwao yumo Cory, na yumo Rockwood.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Katika historia, aliyeota bonde la kijani, aliyebisha milango ya matajiri kwa miaka mingi, na aliyeamuru ukingo ukatwe bila mlango, ni mtu mmoja. Ni Rockwood. Yeye mwenyewe alisimulia habari zake katika kumbukumbu zilizotoka gazetini huko Calexico mwaka wa 1909, miaka miwili kabla ya riwaya, wala hakukana kwamba yeye ndiye aliyeamuru mkato ule. Katika riwaya mtu huyu amepasuliwa vipande. Ndoto amepewa Mwonaji, ambaye anasukumwa kando kabla ya msiba na hivyo mikono yake inabaki safi. Kosa amepewa Greenfield, mtu wa mbali, mwenye ubahili. Na ujuzi wa uhandisi amepewa Holmes, ambaye alionya, na ambaye baadaye anarekebisha. Hata aina ya kosa imebadilishwa: palipokuwa hapana mlango kabisa, riwaya imeweka kazi dhaifu ya mbao. Tofauti hii si ndogo. Kazi dhaifu ni dhambi ya tamaa ya fedha. Mkato usio na mlango ni dhambi ya matumaini, na Wright, aliyeandika kwa ajili ya majirani zake, hakutaka matumaini yawe na dhambi.

Hatumlaumu kwa kutunga. Mtunzi ana ruhusa hiyo. Lakini angalia faida anayopata. Mara tu ndoto inapotenganishwa na kosa, msomaji haulizi tena kama mradi wenyewe ulikuwa na hatari ndani yake. Anauliza tu ni nani anayeufaa. Swali la mto limegeuka kuwa swali la tabia ya watu. Kuna mtaji mbaya, wa Greenfield, unaotaka faida na kutoweka. Kuna mtaji mwema, wa Worth, unaoishi pamoja na watu wake na kuhudumu kama kasisi. Mchungaji wa zamani anaonekana hapa waziwazi: anauhubiri mtaji kama huduma. Jefferson Worth ametokana kwa sehemu kubwa na W. F. Holt, mfanyabiashara aliyeanzisha miji bondeni, Holtville miongoni mwake, na ambaye kitabu kimetabarukiwa kwake. Miongoni mwa wanaoshukuriwa yumo pia William Mulholland, mhandisi wa mfereji wa kuupelekea mji wa Los Angeles maji. Bwawa lake la St. Francis lilibomoka usiku wa tarehe 12 Machi 1928 na kuua mamia ya watu. Wright asingeweza kulijua hilo. Sisi twalijua, na hatuwezi kuusoma ukurasa ule wa shukrani kana kwamba hatulijui.

Cha kuchekesha kidogo ni tarehe. Mwaka uleule wa 1911 ambapo riwaya iliusifu mtaji mwema, wakulima wa bonde walipiga kura na kuunda chombo cha umma cha kumiliki maji, Imperial Irrigation District. Mwaka wa 1916 chombo hicho kilinunua mifereji iliyokuwa ya kampuni, ambayo ilikuwa imefilisika. Kwa maneno mengine, waliosifiwa katika kitabu hawakukubaliana na kitabu. Walikuwa wamewaona matajiri wa kutosha, wabaya kwa wema, wakaamua kwamba mlango wa mto usikae mikononi mwa yeyote kati yao. Sura hii haimo katika riwaya, wala katika filamu iliyotengenezwa mwaka wa 1926 na Henry King, akicheza Ronald Colman, Vilma Banky, na kijana Gary Cooper katika nafasi ya Abe Lee. Filamu hiyo ilipigwa katika jangwa la Black Rock, Nevada.

Tumesema juu ya yaliyobadilishwa. Yaliyoachwa ni mazito zaidi.

Jangwa la riwaya ni tupu. Katika kurasa zake watu wa asili na Wameksiko wamo kama vibarua, watumishi waaminifu, au hatari ya njiani. Hawana shamba wala dai. Lakini bonde halikuwa tupu. Kingoni mwa ziwa la kale, upande wa magharibi, zipo hadi leo safu za mitego ya samaki iliyojengwa kwa mawe na Wacahuilla, na Blake, mwaka ule wa 1853, aliwasikia wakisimulia ziwa lililokuwapo zamani, lenye samaki, na jinsi lilivyokauka kidogo kidogo. Masimulizi yao yalikuwa sahihi kuliko ramani za wakati ule. Nao Wakamia, jamaa wa Wakumeyaay, walilima bondeni penyewe: maji ya mto yalipofurika katika mikondo ya Alamo na ile inayoitwa Mto Mpya, walipanda mahindi, maharagwe na maboga katika udongo uliolowa. Edward Gifford aliandika habari za kilimo hicho katika kitabu chake cha mwaka wa 1931. Basi kilimo cha maji ya Colorado katika bonde lile kilikuwapo kabla ya kampuni yoyote, isipokuwa kilikuwa kilimo kinachoufuata mto unapokwenda, si kilimo kinachouamuru.

Neno walilolitumia wahandisi wa Kimarekani kwa kazi ya kumwagilia jangwa, na ambalo liliingia katika sheria ya taifa ya tarehe 17 Juni 1902, lina maana ya kudai tena kitu kilichokuwa chako. Kwa Kiswahili tungelazimika kuuliza mara moja: kudai kutoka kwa nani? Lugha yetu haimruhusu mtu kurudishiwa kitu bila kumtaja, walau moyoni, aliyekuwa nacho. Msomaji wa hapa Kongo hatakosa kukumbuka agizo la tarehe 1 Julai 1885, ambalo kwalo Dola Huru ya Kongo ilizitangaza ardhi zilizodaiwa kuwa tupu kuwa mali ya Dola. Nchi mbili hizi hazifanani kwa mambo mengi, nasi hatutaki kulazimisha ulinganisho. Ila utaratibu wa maneno ni uleule: kwanza sheria inaitangaza ardhi kuwa tupu, halafu yule anayeipata anahesabiwa kuwa hakumnyang'anya mtu.

Na mto ulipofungwa, ni nani walioufunga? Riwaya inajibu: Holmes. Taarifa ya Cory mwenyewe inataja kwamba mikono ilipoadimika waliajiriwa mamia ya wanaume wa asili, Wapima, Wapapago, Wamaricopa, Wayuma, Wacocopah na Wadiegueño, waliokuja na familia zao na kupiga kambi mtoni. Walifuma mikeka mikubwa ya matawi iliyolazwa chini ya maji ili mawe yasizame katika tope, wakasimama juani wakishusha mawe. Hili ni jambo ambalo mtunzi angeweza kulitumia kwa uzuri: wenyeji wa mto wakilipwa kwa siku ili kuurudisha mto mbali na ardhi yao. Hakulitumia. Harusi ya mwisho isingelistahimili.

Miaka iliyofuata ilifanya kazi yake. Mwaka wa 1928, katika msimu wa matikiti, vibarua wa Kimeksiko wa bonde walijiunga katika chama na kugoma kwa ajili ya ujira, na viongozi wao wakatiwa gerezani. Mwaka uleule Bunge lilipitisha sheria ya kujenga bwawa kubwa mtoni, ambalo lilizinduliwa mwaka wa 1935 na kuitwa baadaye Hoover, na mfereji mpya wa takriban kilomita 130 usiopita Meksiko, uliofikisha maji bondeni mwaka wa 1940. Kuhusu Meksiko, mkataba wa mwaka wa 1944 uliitengea futi-ekari milioni 1.5 kwa mwaka. Chombo cha bonde la Imperial peke yake kina haki ya zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Sheria ya 1902 iliweka kikomo cha ekari 160 kwa mwenye shamba anayetumia maji ya miradi ya serikali, ili ardhi iwe ya wakulima wadogo kama wale wa riwaya. Mwaka wa 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kikomo hicho hakiyahusu mashamba ya bonde la Imperial.

Jina la Barbara nalo liliendelea kuishi, likihama kutoka karatasini hadi kwenye mawe. Holt alijenga katika mji wa El Centro hoteli iliyoitwa Barbara Worth, iliyofunguliwa mwaka wa 1915, na kutani mwa ukumbi wake zikachorwa picha za matukio ya riwaya. Fikiria maana yake: mtu aliyekuwa kielelezo cha mhusika anajenga jumba na kuliita kwa jina la binti wa mhusika huyo, na wageni wanaoingia wanatazama ukutani historia ya mji, ambayo ni hadithi ya kubuni. Hoteli iliteketea kwa moto mwaka wa 1962. Shule na uwanja wa gofu viliendelea kubeba jina hilo. 

Limebaki ziwa. Kwa miongo mingi lilidumishwa na maji machafu ya mashamba yatiririkayo kutoka bondeni, yakiwa na chumvi na mbolea. Ndege wahamao walilizoea, wavuvi na watalii pia, hata chumvi ilipozidi na samaki wakaanza kufa kwa mamilioni. Mwaka wa 2003 yalifanyika mapatano ya kuhamishia sehemu ya maji ya bonde katika mji wa San Diego na majirani zake. Maji ya ziada yaliyokuwa yakitiwa ziwani kufidia uhamisho huo yalikoma mwishoni mwa mwaka wa 2017. Ziwa linarudi nyuma, na sakafu yake iliyokauka inapeperushwa na upepo kama vumbi juu ya nyumba za wafanyakazi wa mashamba, ambao watoto wao wanaugua pumu kwa wingi.

Chini ya maji hayo, upande wa kaskazini, ipo ardhi ya Wacahuilla wa Torres-Martinez. Ilikuwa imetengwa kwa ajili yao na serikali kabla ya mkato wa mwaka wa 1904, maelfu ya ekari za ardhi yao yakafunikwa katika mafuriko, na sheria ya kuwalipa fidia ilitiwa sahihi mwezi wa Desemba mwaka wa 2000. Kadiri ziwa linavyopungua, sehemu za ardhi hiyo zinaanza kuonekana tena, nyeupe kwa chumvi.